Mahekalu ya Chamba: kwa nini minara ya mawe inavaa miavuli ya mbao

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Tanga. Mwanafunzi wangu alileta picha ya mji uitwao Chamba, chini ya milima ya Himalaya. Inaonyesha minara ya mawe iliyovikwa kitu kama mwavuli wa mbao. Maelezo ya picha yanasema mahekalu hayo yana miaka elfu moja, na kwamba malkia alizikwa hai ili mji upate maji. Darasa limegawanyika. Miavuli ile ni ya nini, umri huo umejulikanaje, na habari ya malkia ni ya kweli?"

Mwalimu mwenzangu, nitaanza na miavuli, maana hiyo inaonekana kwa macho, na mwanafunzi akishaielewa, mengine yatamfungukia.

Chamba ni mji mdogo katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Umekaa kwenye uwanda mwembamba ulio juu ya mto Ravi, mwinuko wa karibu mita 1,000. Upande wa kusini umezibwa na safu ya milima ya Dhauladhar, yenye vilele vinavyopita mita 4,000. Ukuta huo wa milima uweke akilini, tutaurudia. Na neno moja la kuwawekea sawa wanafunzi: Mhindi ni mtu wa India, wa dini yoyote, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Chamba ina Wahindi Waislamu pia, na tutawakuta mbele ya safari.

Mnara wa hekalu la namna hii huitwa shikhara, yaani kilele cha mlima. Chini yake kuna chumba kimoja kidogo chenye giza, garbhagriha, jina linalomaanisha chumba cha tumbo la uzazi. Humo ndimo anamokaa mungu mwenye hekalu. Kuta za mnara hupanda zikijipinda taratibu kwa ndani, ukiutazama kwa mbali ni kama gunzi la hindi lililosimamishwa. Mabegani pake hukaa duara nene la jiwe lenye mifuo ukingoni mzima, liitwalo amalaka, na juu kabisa huwekwa umbo la mtungi.

Mtindo huu mabingwa wa usanifu wanauita Nagara, na ulizaliwa katika nchi tambarare za India ya kaskazini. Huko mvua hunyesha, jua hutoka, jiwe hukauka. Milimani mambo ni mengine. Msimu wa masika humwaga mvua miezi mizima, na kipupwe huleta baridi kali na theluji. Maji yakipenya kwenye kiungo cha jiwe na kuganda, yanafura, na kiungo kinapanuka kidogo. Mwaka unaofuata maji mengi zaidi yanaingia. Mahali panapoumia kwanza ni pale juu, amalaka inapokutana na mnara, kwa sababu ndipo palipo bapa na wazi. Mafundi wa Chamba wakatengeneza fremu ya mbao kuizunguka amalaka, wakaiezeka kwa mabamba membamba ya mawe, maji yakawa yanadondoka mbali na mwili wa mnara. Baadhi ya mahekalu yana miavuli miwili, mmoja juu kabisa na mwingine chini yake, juu ya mlango.

Kwa hiyo mwavuli ni paa. Lakini paa hilo halikubuniwa kwa ajili ya mawe. Ukitaka kuona lilikotoka, panda bonde la Ravi kiasi cha kilomita 60 hadi Bharmour, kwenye mwinuko unaopita mita 2,000. Bharmour, au Brahmapura kwa jina la kale, ndiyo ilikuwa makao makuu ya wafalme hawa kabla ya Chamba. Pale lipo hekalu la mungu mke Lakshana Devi, na hilo ni la mbao na kifusi cha mawe, lenye paa la mteremko lililoezekwa kwa mabamba ya mawe. Ukiwa nje unaweza kulidhania nyumba ya mkulima. Ukifika mlangoni, miimo yote imechongwa miungu, majani na wanyama kwa ustadi unaokufanya usimame. Wataalamu wanaukadiria uchongaji huo kuwa wa karibu mwaka 700. Hebu fikiria mbao zilizodumu miaka 1,300 katika nchi ya theluji! Mbao hizo ni za deodara, mti wa jamii ya mwerezi wenye mafuta yanayofukuza wadudu, na paa la mteremko ndilo lililozilinda.

Hapo ndipo penye jibu lako la kwanza, na ndilo jambo ninalolipenda zaidi kuhusu mji huu. Wafalme wa Chamba waliagiza umbo la hekalu kutoka nchi tambarare, kwa sababu ndilo lililokuwa umbo la heshima kwa mfalme aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Mafundi wa mlimani wakalijenga kama lilivyoagizwa, kisha wakalivika paa la kwao. Hakuna upande uliomshinda mwenziwe. Waambie wanafunzi pia kwamba mbao wanayoiona pichani si ya zamani sana, kwani miavuli huoza na kubadilishwa, na hivyo ndivyo jiwe lililo chini yake linavyosalimika.

Sasa umri. Mapokeo ya Chamba yanasema mji ulianzishwa na mfalme Sahil Varman karibu mwaka 920, alipolishinda bonde la chini akahamisha makao yake kutoka Bharmour. Binti yake Champavati aliupenda uwanda ule, na mji ukapewa jina lake. Uwanda ulikuwa mali ya Wabrahmani fulani, watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, nao walikubali kuutoa kwa sharti kwamba kila ndoa itakayofungwa mjini, wao na vizazi vyao wapewe sarafu nane za shaba zinazoitwa chakli.

Hayo ni mapokeo. Ushahidi wa kuandikwa uko wapi? Uko mwingi kuliko unavyotarajia kwa ufalme mdogo kama huu. Wafalme wa Chamba walipotoa ardhi kwa Wabrahmani au kwa hekalu, hati iliandikwa juu ya bamba la shaba, ikitaja mfalme, wazazi wake, mipaka ya shamba na laana kwa atakayelinyang'anya. Mtu wa pwani ataielewa haraka akifikiria hati ya wakfu. Bamba la kale zaidi lililosalia ni la Yugakar Varman, mwana wa Sahil Varman. La Sahil mwenyewe halikupatikana, lakini hati za wafalme wa karne iliyofuata zinamtaja na kumsifu kwa vita vyake.

Kuna ugumu mmoja ambao darasa lako litaufurahia. Milimani walihesabu miaka kwa kalenda ya Saptarshi, na desturi yao ilikuwa kuacha mamia. Ni kama kuandika "mwaka wa 64" bila kusema ni wa karne ipi. Ukikuta jiwe limeandikwa hivyo, unalazimika kutafuta shahidi wa nje. Shahidi huyo yupo: Kalhana, mwandishi wa Kashmir wa karne ya 12, aliyeandika historia ya wafalme wa nchi yake. Anataja kwamba mfalme Ananta wa Kashmir alimng'oa mtawala wa Champa, jina la kale la Chamba, na kwamba katika kipupwe cha mwaka 1087 kuingia 1088, Asata wa Champa alikuwa miongoni mwa wafalme wanane wa milimani waliofika kwenye mji mkuu wa Kashmir. Jina la Asata limo pia kwenye mabamba ya shaba ya Chamba. Nyaraka mbili za nchi mbili zinakutana kwa mtu mmoja, na kutoka kwake unaweza kuhesabu kurudi nyuma, kizazi kwa kizazi, hadi kwa Sahil Varman.

Aliyeifanya kazi hiyo ya kuhesabu kwa bidii kuliko wote ni Jean Philippe Vogel, Mholanzi aliyekuwa akiitumikia idara ya mambo ya kale ya India. Alizunguka vijiji vya ufalme huo akisoma mawe, sanamu na mabamba, akachapisha matokeo mwaka 1911. Mfalme wa wakati huo, Bhuri Singh, alikuwa ameshafungua jumba la makumbusho mjini mwaka 1908, na mengi ya maandishi yale yamehifadhiwa humo. Humo pia utaona mawe makubwa ya chemchemi, mabamba yaliyochongwa picha za miungu na kusimamishwa penye maji ili kuwakumbuka wafu. Mimi huyapenda hayo kuliko sanamu nyingi za mahekaluni, kwa kuwa ukumbusho wa marehemu ulikuwa maji ya kunywa kwa kila apitaye.

Basi, "miaka elfu moja" ni kweli au si kweli? Kwa msingi na umbo la hekalu kuu, ndiyo. Kwa kila jiwe, hapana. Hekalu kuu ni la Lakshmi Narayan, na ndilo la kwanza katika safu ya mahekalu sita yaliyosimama bega kwa bega kando ya jumba la kifalme, matatu ya mungu Vishnu na matatu ya mungu Shiva. Lilianzishwa na Sahil Varman, likakarabatiwa mara kadhaa baadaye. La pili kwenye safu, la Radha Krishna, ni la mwaka 1825 tu, lilijengwa na malkia Sarda. Mtu anayetembea kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili amevuka miaka mia tisa kwa hatua chache, na kwa kuwa mtindo ni uleule, pengine hatajua. Ndiyo maana kukadiria umri wa hekalu kwa kulitazama tu kunahitaji uangalifu mkubwa.

Vilele vya dhahabu vina habari yao. Kumbukumbu za ufalme zinasimulia kwamba mwaka 1678 Aurangzeb, mfalme wa Mughal, dola ya Kiislamu iliyotawala sehemu kubwa ya India, aliamuru mahekalu ya Chamba yabomolewe. Mfalme Chhatra Singh hakubomoa, bali aliagiza kila hekalu liongezewe kilele kilichopakwa dhahabu. Chamba ilikuwa mbali, nyuma ya milima, na amri ikapita. Katika habari hiyo umbali una uzito sawa na ujasiri.

Na hapa ndipo tunapourudia ukuta wa Dhauladhar. Upande wa pili wa safu hiyo kuna Kangra, mji wa kale uliokuwa tajiri na maarufu kuliko Chamba. Mahmud, sultani wa Ghazni katika Afghanistan ya leo, aliuteka mwaka 1009 na kuchukua hazina ya hekalu lake. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko kubwa la ardhi likauangusha, hekalu maarufu la Bajreshwari likawa kifusi, na watu karibu 20,000 wa eneo hilo wakafa. Hekalu linaloonekana Kangra leo lilijengwa upya. Chamba haikupatwa na maangamizi ya namna ile, na majeshi yaliyoivuruga Kangra mara kwa mara hayakuwa na haja ya kupanda njia ngumu kwa ajili ya ufalme mdogo. Mahekalu ya Chamba yamesalia kwa sehemu kubwa kwa sababu mji wenyewe ulikuwa pembeni.

Tuje kwa malkia. Masimulizi ni haya: Mji ulipojengwa haukuwa na maji. Ravi uko bondeni, chini sana ya uwanda, na hakuna namna ya kuyapandisha maji yake. Sahil Varman akachimba mfereji kutoka kijito cha Sarotha ubavuni mwa mlima, lakini maji yakakataa kuingia. Ikasemekana roho ya kijito inataka kafara, mke wa mfalme au mwanawe. Malkia, anayetajwa kwa jina la Naina au Sunayana, alikubali mwenyewe. Alipelekwa na wajakazi wake mahali paitwapo Balota, penye chanzo cha mfereji, akazikwa hai, na kaburi lilipofukiwa maji yakatiririka.

Mapokeo haya nayaheshimu, na nitakueleza ninavyoyapima. Mfereji ni wa kweli, na haja yake ni ya kweli: mji uliokaa juu ya genge la mto hauishi bila maji ya kuletwa. Kumbukumbu ya malkia nayo ni ya kweli kwa maana kwamba imeshikwa na watu kwa vizazi vingi. Liko hekalu dogo liitwalo Sui Mata juu ya mji, la kumkumbuka malkia huyo, lenye ngazi ndefu za mawe. Kila mwaka kati ya Machi na Aprili hufanyika sikukuu yake, na kwa desturi ni ya wanawake na watoto. Hupanda pale wakiimba kwa huzuni habari za malkia. Wanaume hawana nafasi katika maandamano hayo. Lakini mabamba ya shaba, ambayo yanataja vita vya Sahil Varman, hayamtaji malkia aliyezikwa. Na masimulizi ya mtu aliyefukiwa ili daraja, ngome au mfereji usimame yako katika nchi nyingi sana, na yanafanana mno. Ningewaambia wanafunzi: hatuwezi kuthibitisha kwamba mwanamke huyo alizikwa, wala hatuna haki ya kuwacheka wanaomlilia. Huenda nyimbo hizo zimehifadhi kitu ambacho hati za wafalme hazikuona haja ya kukiandika, yaani gharama ambayo wanawake walilipia mji.

Darasa likipenda zoezi la kupima mapokeo, liko moja zuri zaidi. Kila Julai au Agosti Chamba husherehekea Minjar kwa juma zima. Minjar ni lile ua la kilele cha mmea wa mahindi, na watu hujibandika kifuani mfano wake uliofumwa kwa nyuzi za hariri na za dhahabu. Siku ya mwisho maandamano hushuka hadi Ravi, na minjar hutupwa mtoni pamoja na nazi, tunda na sarafu. Hadi miaka ya 1940 nyati wa kufugwa naye alisukumwa mtoni, akiwa hai. Inasemwa kwamba sherehe ilianza mwaka 935, wakulima walipomlaki Sahil Varman kwa mahindi na mpunga akirudi vitani. Sasa waulize wanafunzi: mahindi yametoka wapi? Sisi tunayaita kwa jina la India, lakini asili yake ni Amerika, na hayakuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Mwaka 935 hapakuwa na punje moja ya mahindi katika bonde la Ravi. Ama sherehe ni changa kuliko inavyosemwa, ama ni kongwe kweli na mazao ya zamani yalikuwa mpunga na nafaka nyingine, kisha mahindi yalipokuja yakachukua nafasi. Mimi naelekea jibu la pili, kwa kuwa mpunga umebaki katika masimulizi ingawa jina la sherehe sasa ni la mahindi.

Nilikuahidi Waislamu wa Chamba. Minjar ya kwanza, ile inayopelekwa kwa Lakshmi Narayan na kwa Raghuvir, mungu wa ukoo wa kifalme, kwa desturi hutengenezwa na familia ya Kiislamu ya mjini ambayo imeirithi kazi hiyo tangu enzi za wafalme. Bila mikono yao sherehe ya hekalu la Kihindu haifunguliwi.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu kinaniuma. Ukingoni mwa uwanja mkubwa wa nyasi, Chaugan, kuna hekalu la Hari Rai la karne ya 11. Ndani yake yuko Vishnu wa shaba iliyosubuliwa, mwenye uso wa mtu katikati, wa simba upande mmoja na wa nguruwe mwitu upande wa pili, aliyenakshiwa kwa fedha. Mwaka 1971 sanamu hiyo iliibwa. Ilipatikana Bombay ikiwa njiani kwenda ng'ambo, ikarudishwa. Nyingi zilizoibwa milimani hazikurudi, na huwekwa katika majumba ya matajiri kama pambo lisilo na jina la kijiji. Sanamu ya hekaluni huogeshwa, huvishwa, huamshwa asubuhi na kulazwa usiku. Waliomkosa Hari Rai mwaka ule walikosa mwenye nyumba.

Kama mwanafunzi wako atafika huko siku moja, kituo cha reli cha kushukia ni Pathankot, na kutoka hapo ni karibu kilomita 120 za barabara ya milimani. Avue viatu mlangoni, asiingie na vitu vya ngozi, na aulize kabla ya kupiga picha ndani. Akienda Agosti au Septemba atawakuta mahujaji wakitoka Chamba kwenda ziwa la Manimahesh, lililo juu ya mita 4,000, chini ya mlima wanaouamini kuwa makao ya Shiva. Apande pia Bharmour. Kwenye kitako cha sanamu ya Lakshana Devi yapo maandishi ya mfalme Meru Varman, yanayotaja baba, babu na baba wa babu yake, kama wafalme wanavyopenda. Lakini mfalme huyo aliruhusu jina jingine liandikwe humo, na ni jina la mtu asiye na ukoo uliotajwa. Maandishi yanasema sanamu imetengenezwa na fundi Gugga.